Virusi Vimeondoka, Mbona Tumbo Bado Linasumbua?

Hebu tuanze na hali ambayo huenda unaijua. Umekula pilau shughulini Jumamosi, Jumapili usiku unatapika na kuharisha. Siku tatu uko hoi, unakunywa ORS, kisha unapata nafuu na kurudi kazini. Ila tumbo halirudi lilivyokuwa. Miezi minne baadaye bado linajaa gesi kila ukila, linasokota kabla ya kwenda chooni na kutulia ukitoka. Leo unaharisha, kesho choo kigumu. Ukipima, choo safi, damu safi, ultrasaundi safi. Muuzaji wa duka la dawa anakwambia ni amiba sugu. Unameza Flagyl, unajisikia vizuri siku mbili, halafu yanarudi. Unameza tena.

Kama hadithi hiyo ni yako, au ya mtu wa nyumbani kwako, makala hii ni yenu. Kwa kifupi ni hivi: maambukizi ya tumbo, yakiwemo yale ya virusi, yanaweza kuacha utumbo umebadilika hata baada ya kijidudu chenyewe kuondoka kabisa. Tatizo ni la kweli, halipo kichwani mwako tu. Lakini si maambukizi tena, na kuendelea kulitibu kama maambukizi hakusaidii. Pengine kunalizidisha.

Jambo hili si geni

Mwaka 1962 madaktari wawili wa Oxford, Chaudhary na Truelove, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 130 wenye tumbo linalosokota na choo kisichoeleweka, ilhali vipimo havikuonyesha kidonda wala uvimbe. Takriban robo yao walisema mambo yote yalianza baada ya kuugua tumbo la kuhara. Hali yenyewe leo madaktari wanaiita IBS. Mimi nitaiita utumbo nyeti, maana ndivyo ulivyo: ukiutazama hauna jeraha, ila unashtuka kwa vitu vidogo.

Ushahidi mkubwa ulikuja kwa bahati mbaya. Mei 2000, maji ya bomba ya mji mdogo wa Walkerton, Kanada, yaliingiwa na bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe. Watu wapatao 2,300 waliugua na 7 wakafariki. Watafiti wakaamua kuwafuatilia wakazi kwa miaka. Kati ya waliougua na ambao kabla ya hapo hawakuwa na shida ya tumbo, asilimia 28 hivi walikuwa na utumbo nyeti miaka miwili hadi mitatu baadaye. Kwa majirani zao ambao hawakuugua ilikuwa asilimia 10 hivi.

Utasema, hao walikuwa bakteria, virusi je? Kiangazi cha 2009, norovirusi waliingia kwenye maji ya San Felice del Benaco, mji ulio kando ya ziwa Garda, Italia. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 13 ya waliougua walikuwa wamepata utumbo nyeti, dhidi ya asilimia 1.5 ya wasiougua. Hawa norovirusi ndio wanaosababisha yale matapishi ya ghafla yanayoangusha shule nzima au harusi nzima kwa usiku mmoja.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 45 zenye watu zaidi ya 21,000 waliowahi kuugua tumbo la maambukizi. Kwa ujumla, mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na utumbo nyeti mwaka mmoja baada ya kuugua. Ukitenganisha kwa aina ya kijidudu, picha inavutia. Kwa virusi, ndani ya mwaka wa kwanza ni kama asilimia 19, lakini baada ya mwaka inashuka sana. Kwa bakteria inabaki karibu asilimia 14. Kwa hiyo virusi huacha watu wengi na tumbo bovu mwanzoni, ila wengi wao hupona. Hiyo ni habari njema, ikumbuke.

Halafu ikaja korona. Watu wengi walidhani ni ugonjwa wa mapafu tu, kumbe kile kitasa ambacho kirusi hukitumia kuingia kwenye seli, protini iitwayo ACE2, kimejaa kwenye utando wa utumbo mwembamba kuliko hata kwenye mapafu. Utafiti wa nchi 14 uliofuatilia waliolazwa ulikuta, baada ya mwaka mmoja, asilimia 3.2 ya waliokuwa na korona wamepata utumbo nyeti, dhidi ya asilimia 0.5 ya waliolazwa bila korona. Asilimia ni ndogo, lakini zidisha kwa idadi ya watu duniani waliopata korona uone.

Kwa nini utumbo hausahau?

Hapa ndipo sayansi inapokuwa tamu. Hakuna jibu moja, kuna njia kadhaa, na mtu mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni utando wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo mno, mamilioni, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula. Rotavirusi na norovirusi hushambulia hapo. Kwenye ncha za vijidole hivyo ndipo kinapokaa kimeng'enya cha laktesi, kinachovunja sukari ya maziwa. Ncha zikifa, laktesi inaondoka nazo. Maziwa uliyokunywa yanashuka hadi utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria wanasherehekea, wewe unapata gesi na kuharisha. Seli za utando hujirudisha upya kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa hiyo kwa kawaida hali hii hupona ndani ya wiki chache. Lakini wengi wetu Afrika Mashariki tukiwa watu wazima laktesi yetu ni kidogo tangu awali, tofauti na jamii za wafugaji kama Wamasai ambao wengi wao huendelea kuwa nayo. Kwa mtu aliyekuwa anaivumilia chai ya maziwa kwa shida, virusi vinaweza kuwa tone lililojaza kikombe.

Ya pili ni neva. Utumbo una neva zake, zaidi ya milioni 100, na una mfumo wake wa mawasiliano. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, zaidi ya asilimia 90, hutengenezwa tumboni, wala si kwenye ubongo. Seli maalumu za utando huimwaga chakula kinapopita, nayo huziambia neva: sukuma, nyonya, toa maji. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, walipochukua vinyama vidogo kutoka kwenye matumbo ya watu waliougua maambukizi ya bakteria, walikuta seli hizo za serotonini pamoja na seli za kinga zimeongezeka, na kwa wengine zilikuwa bado nyingi hata mwaka mmoja baadaye. Ni kama king'ora cha gari kilichoongezewa ukali baada ya wizi. Mwizi ameshaondoka, lakini sasa hata paka akipita juu ya boneti kinalia. Gesi ya kawaida, ambayo zamani hukuisikia, sasa inauma.

Ya tatu inatuhusu zaidi kuliko unavyodhani. Mwaka 1937 kirusi kimoja kilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika wilaya ya West Nile, Uganda, na mwaka 1947 kingine katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Vyote viwili huenezwa na mbu, na hakuna anayevihesabu kama magonjwa ya tumbo. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya walioambukizwa virusi vya kundi hili walipoteza seli za neva za utumbo. Chakula kikawa kinapita polepole na utumbo kutanuka. Cha kushangaza, sehemu kubwa ya uharibifu ilifanywa na seli za kinga za panya wenyewe zilipokuja kuua virusi. Na panya waliopona, wakipata kichocheo kingine kisichohusiana kabisa na kirusi kile, tumbo lilikuwa linagoma upya. Panya si watu, sawa. Ila inatupa picha ya jinsi mtu anavyoweza kuwa na tumbo linaloharibika kila akipata mafua au homa ndogo.

Ya nne ni kinga inayojifunza somo baya. Kwa kawaida kinga ya tumbo inavumilia chakula, la sivyo tusingekula. Timu ya chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ilijiuliza: je, ukila kitu fulani wakati tumbo liko vitani, kinga inaweza kukiweka chakula hicho kwenye orodha ya maadui? Wakawaambukiza panya bakteria huku wakiwalisha protini ya yai. Maambukizi yakaisha. Baadaye panya wakila protini ile ile, utumbo wao ulitoa histamini na kupata maumivu. Panya waliokula protini bila kuugua hawakupata chochote. Kisha wakajaribu kwa watu: waliwadunga wagonjwa 12 wa utumbo nyeti chembe ndogo za maziwa, soya, ngano na gluteni kwenye ukuta wa utumbo. Wote 12 utumbo wao ulionyesha mmenyuko kwa angalau kimoja, ingawa vipimo vya kawaida vya mzio havikuonyesha kitu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2021. Kwa hiyo mtu anayekwambia "tangu niugue, ngano inanikataa" huenda hasemi uongo hata kidogo.

Ya tano ni bakteria wema wa tumboni. Kuharisha kwa nguvu huwasomba, na dawa za antibayotiki huwamaliza waliobaki. Wanaporudi, hawarudi kwa uwiano ule ule.

Na virusi wenyewe, je, hawawezi kujificha? Kwa korona, watafiti wa Stanford walikuta miezi 4 baada ya kuugua, karibu asilimia 13 ya watu bado walikuwa na vipande vya kirusi kwenye choo, na miezi 7 baadaye karibu asilimia 4, wakati njia ya hewa ilishasafika. Waliokuwa navyo walilalamika zaidi maumivu ya tumbo na kichefuchefu. Kipande cha kirusi hakimaanishi kirusi hai, lakini kinatosha kuiweka kinga macho.

Nani yuko hatarini zaidi?

Katika ule mkusanyiko wa tafiti 45, wanawake walikuwa na hatari mara 2 ya wanaume. Kadiri ugonjwa wa kwanza ulivyokuwa mkali au mrefu, ndivyo hatari ilivyoongezeka. Wasiwasi wakati wa kuugua ulizidisha hatari mara 2. Hili la wasiwasi lisikuudhi. Halisemi kwamba unajitungia. Ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa neva na homoni, na msongo wa mawazo hubadilisha kweli mwendo wa utumbo na kazi ya kinga. Kila aliyewahi kukimbilia chooni asubuhi ya mtihani anajua hilo bila kusomea.

Na kuna jingine: waliotumia antibayotiki wakati wa kuugua walikuwa na hatari mara 1.7. Hili lituingize kwenye jambo linalotugharimu sana huku kwetu.

"Amiba sugu" na "taifodi sugu"

Tuseme wazi: amiba ipo, taifodi ipo, na zote zinaua. Lakini tazama vipimo vinavyotumika.

Amiba inayougua watu, Entamoeba histolytica, ina pacha wake, Entamoeba dispar, ambaye hana madhara na ni wa kawaida zaidi. Kwa darubini ya kawaida ya maabara mayai yao, yaani vifuko wanavyojikunja ndani, hayatofautiki. Isipokuwa mtaalamu aone amiba iliyomeza chembe nyekundu za damu, au atumie kipimo cha kutambua protini au vinasaba vya kijidudu, jibu la "amiba imeonekana" linaweza kuwa linamhusu pacha asiye na hatia.

Kipimo cha Widal cha taifodi nacho hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa zimebaki kutoka ugonjwa wa zamani, au zimetengenezwa kwa ajili ya bakteria ndugu. Katika eneo ambako taifodi ni ya kawaida, Widal moja haitoshi kumwambia mtu anaumwa. Jibu la uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara.

Sasa unganisha. Una utumbo nyeti baada ya virusi. Unapima, Widal inasoma "1:160". Unapewa antibayotiki siku 7 hadi 14. Utumbo nyeti una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, kwa hiyo unapata nafuu, unaishukuru dawa. Mwezi unaofuata yanarudi, unaambiwa ni sugu, unapewa kali zaidi. Kila mzunguko unasomba bakteria wema na kula pesa yako. Na kwa jamii nzima, tunawafundisha bakteria usugu wa kweli.

Kabla ya kusema ni utumbo nyeti

Utumbo nyeti ni jina linalotolewa baada ya kuangalia mengine, si kisingizio cha kutokupima. Muone daktari, tena mapema, kama una moja kati ya haya:

- damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami
- unapungua uzito bila kutaka
- homa inayojirudia au jasho la usiku
- kuharisha kunakokuamsha usingizini
- upungufu wa damu
- dalili zimeanza ukiwa na zaidi ya miaka 50
- ndugu wa karibu amewahi kuwa na saratani ya utumbo

Kwa mazingira yetu ongeza kipimo cha VVU kama hujui hali yako, kifua kikuu cha tumbo, giardia, na kichocho cha utumbo ikiwa umeishi au kuoga kandokando ya Ziwa Victoria. Ukisafiwa hayo yote, hapo ndipo unaweza kupumua na kushughulikia utumbo wenyewe.

Nini husaidia?

Anza na maziwa. Acha maziwa freshi kwa wiki mbili, kisha yarudishe uone. Mtindi na maziwa mgando mara nyingi huvumilika zaidi, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari.

Pili, angalia vyakula vinavyochacha sana tumboni: maharage, kabeji, vitunguu, ngano kwa wingi, embe, tufaha, soda na juisi zenye sukari nyingi. Usiviache vyote maisha yako yote. Mpango uliobuniwa chuo kikuu cha Monash, Australia, ni wa hatua: unavipunguza kwa wiki 4 hadi 6, kisha unarudisha kimoja kimoja ujue adui yako hasa ni nani. Habari nzuri ni kwamba wali, ugali wa mahindi, viazi, mihogo, samaki, mayai, karoti na machungwa kwa kawaida havina shida. Maharage ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kabla ya kupika, gesi inapungua.

Tatu, kula milo midogo kwa wakati, tembea, lala. Ushauri huu unachosha kuusikia, najua, lakini neva za utumbo zinafuata saa.

Nne, dawa zipo. Kwa anayeharisha kuna loperamidi, ila usiitumie ukiwa na homa au damu kwenye choo. Kwa maumivu kuna mafuta ya mnanaa kwenye vidonge na dawa za kutuliza misuli ya utumbo. Na kuna amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, inayotolewa hapa kwa dozi ndogo mno, miligramu 10 hadi 30, kutuliza neva za tumbo. Jaribio la mwaka 2023 huko Uingereza, lenye wagonjwa 463, lilionyesha inasaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Ukiandikiwa, usione daktari amekuita kichaa. Inahitaji cheti na ufuatiliaji wake, usijinunulie.

Na je, itaisha? Kwa wengi, ndiyo. Hata Walkerton, kwa wale waliougua bakteria wakali, ile asilimia 28 ilishuka hadi 15 baada ya miaka 8. Na tumeshaona kwamba virusi kwa kawaida vina huruma zaidi ya hapo. Utumbo unasahau, ila polepole, na unahitaji tuache kuukumbusha kwa dozi nyingine ya Flagyl.

Bora zaidi ni kutougua kabisa. Norovirusi hawaogopi sana vitakasa mikono vya spiriti, kwa hiyo nawa kwa sabuni na maji tiririka, hasa baada ya chooni na kabla ya kupika. Aliyetapika asiingie jikoni hadi siku mbili zipite baada ya kupona. Na mtoto apelekwe kliniki kupata chanjo ya rotavirusi, ambayo imo kwenye ratiba ya Tanzania na Kenya kwa zaidi ya miaka kumi sasa.

Kwa hiyo wakati mwingine mtu akikwambia "tumbo hili, tangu nilipougua mwaka jana", usimcheke wala usimtume duka la dawa. Muulize kwanza kama ana dalili za hatari zilizotajwa hapo juu. Kama anazo, aende hospitali leo. Kama hana, mwambie yuko na wenzake wengi, na kwamba kuna njia ya kutokea.